Saa iko mkononi mwa nani? Kwa nini watengenezaji wa magari ya spoti hunyamazia muda wa mzunguko

KIGALI – Septemba 21, 2025, wakazi wa Kigali walijipanga kando ya barabara kutoka BK Arena hadi Kigali Convention Centre kushuhudia siku ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, yaliyokuwa yakifanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanaume walikuwa na mbio za kushindana na saa, kilomita 40.6. Mbelgiji Remco Evenepoel aliondoka dakika mbili na nusu baada ya Tadej Pogačar wa Slovenia. Kabla ya mstari wa mwisho alikuwa amemfikia na kumpita.

Hakuna mtazamaji aliyehitaji kufafanuliwa maana ya tukio hilo. Barabara ilikuwa moja, siku moja, milima ile ile, na saa ilikuwa mikononi mwa waamuzi, si mikononi mwa timu.

Katika biashara ya magari ya spoti, yale magari ya fahari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kasi, mambo hayaendi hivyo. Kampuni moja hutangaza muda ambao gari lake limetumia kumaliza mzunguko mmoja wa uwanja wa mashindano, tena hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Nyingine, yenye gari ambalo pengine lina kasi ile ile, hukaa kimya. Nyingine husema neno nusu, kisha hunyamaza. Ukimya huo una sababu zake, na si zote ni za kuficha udhaifu.

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Lakini Desemba 13, 2024, wakati mkutano mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ulipofanyika Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula One, ambazo hazijafanyika Afrika tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Kigali pia ina kiwanda cha kuunganisha magari ya Volkswagen. Na kila siku, katika jiji hilo kama katika Nairobi, Kampala, Bujumbura au Dar es Salaam, kuna mtu anayetoa akiba yake kununua chombo cha usafiri kwa kuamini namba aliyopewa na muuzaji. Kujua kwa nini namba fulani hutangazwa na nyingine haitangazwi kunamhusu pia mtu huyo.

Uwanja mmoja, majibu mengi

Namba inayotajwa zaidi katika magari ya spoti hutoka kwenye uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, hasa sehemu yake ya kaskazini iitwayo Nordschleife. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1927 katika milima ya Eifel. Mzunguko wake ni kilomita 20.832, wenye kona zaidi ya 70, miinuko, miteremko na sehemu ambako gari huruka kidogo kutoka ardhini. Watengenezaji hukodi uwanja huo kujaribu breki, matairi, springi na injini, kwa sababu gari linaloweza kustahimili adha za pale haliwezi kushindwa na barabara nyingi za dunia.

Majaribio hayo yaligeuka kuwa matangazo. Mwaka 2013 Porsche ilisema gari lake la 918 Spyder limetumia dakika 6 na sekunde 57. Mwaka 2018 Lamborghini ikaja na Aventador SVJ, dakika 6 na sekunde 44.97. Mwaka 2024 Mercedes-AMG One ikafikisha dakika 6 na sekunde 29.090. Mteja ambaye hatawahi kukanyaga Ujerumani huzisoma namba hizo kama msimamo wa ligi: aliye juu ndiye bora.

Tatizo ni kwamba ligi hiyo, kwa miaka mingi, haikuwa na waamuzi. Kampuni ilichagua siku yake, hali ya hewa yake, dereva wake na matairi yake, halafu ikajipimia yenyewe. Hata urefu wa njia haukuwa mmoja. Wengi walipima kilomita 20.6, wakiacha kipande kifupi cha barabara iliyonyooka kati ya mwisho na mwanzo wa mzunguko. Mwaka 2019 wenye uwanja waliweka utaratibu: urefu rasmi ni kilomita 20.832, na mthibitishaji wa kisheria huhudhuria.

Ukubwa wa tofauti hiyo ulionekana Juni 2021. Porsche 911 GT2 RS iliyoendeshwa na Lars Kern ilitumia dakika 6 na sekunde 43.300 kwa njia ndefu. Katika mzunguko huo huo, kwa hesabu ya njia fupi, ilikuwa dakika 6 na sekunde 38.835. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, ila mahali pa kuanzia kuhesabu pamebadilika, na tayari zimepatikana sekunde nne na nusu. Kampuni zimewahi kujisifu kwa kushindana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Ugomvi wa sekunde 25

Sababu ya kwanza ya kunyamaza ni kwamba muda ukishatangazwa, huvutia ubishi. Mwaka 2008 kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza kwamba gari lake la GT-R limezunguka Nordschleife kwa dakika 7 na sekunde 29. Gari hilo lilikuwa na bei ya chini sana kuliko Porsche ambazo lilidai kuzishinda. Porsche ilinunua GT-R, ikaijaribu yenyewe kwenye uwanja huo, ikasema imepata dakika 7 na sekunde 54. Kulikuwa na pengo la sekunde 25 kati ya namba mbili za gari lenye jina moja. Nissan ikashikilia namba yake na kujibu kwamba tatizo lilikuwa la dereva aliyelijaribu.

Si lazima mmoja wao awe alidanganya. Dereva aliyekaa miezi na gari hulijua kuliko aliyelinunua wiki iliyopita. Tairi laini hushika lami vizuri kwa mizunguko michache kisha huisha. Lami ikiwa na joto fulani gari hukamata, ikipoa huteleza. Upepo wa mbele kwenye sehemu iliyonyooka, ambako magari haya huzidi kilomita 250 kwa saa, hula sekunde. Muda wa mzunguko ni kipimo cha gari, dereva, matairi na siku vikiwa pamoja. Kampuni inayolijua hilo huweza kuona kwamba kutangaza ni kujitafutia maswali yasiyokwisha.

Sababu ya pili ni ya kibiashara. Namba ikitoka, haifutiki. Muda uliokuwa wa kwanza mwezi Mei unaweza kuwa wa tatu mwezi Septemba, na gari bado lipo dukani likiuzwa kwa bei ile ile. Kampuni isiyotangaza haiwezi kushindwa hadharani. McLaren ya Uingereza ilifanya hivyo na gari lake la P1 mwaka 2013: ilisema limezunguka Nordschleife chini ya dakika 7, lakini sekunde kamili haikuzitaja. Mashabiki walibaki wakibishana kama lilikuwa limeishinda Porsche au la, na ubishi huo wenyewe ukawa tangazo lisilo na hatari.

Ferrari ina njia nyingine. Tangu 1972 inao uwanja wake wa majaribio huko Fiorano, wenye urefu wa takriban kilomita tatu, karibu na kiwanda chake cha Maranello. Muda wa magari yake hutolewa kwa uwanja huo. Kwa kuwa magari ya washindani hayapimwi pale, Ferrari hulinganishwa na Ferrari: gari jipya na lile lililotangulia. Mnunuzi anapata namba, lakini ni namba ya ndani ya nyumba.

Sababu ya tatu ni ya kiufundi. Gari linaweza kutengenezwa kwa ajili ya uwanja mmoja: springi zikakazwa, bawa la nyuma likaongezwa, sauti na starehe zikatolewa kafara. Likirudi barabarani, linamchosha mwenye nalo. Mhandisi anayetaka gari la kusafiria masafa marefu, lenye kuvumilia mashimo na matuta, ana haki ya kukataa kuhukumiwa kwa namba isiyopima kazi aliyoifanya.

Sheria na roho za watu

Kuna pia ukimya unaoletwa na sheria. Nchini Uingereza, kanuni za matangazo ya biashara haziruhusu tangazo la gari kuifanya kasi kuwa ujumbe wake mkuu. Nordschleife yenyewe, siku za kawaida, hufunguliwa kwa umma kama barabara ya kulipia ya upande mmoja, na ni marufuku dereva wa kawaida kujipimia muda. Anayetaka kupima hana budi kukodi uwanja.

Mwaka 2015 hata waliokodi walizuiwa. Machi 28 mwaka huo, katika mbio zilizofanyika Nordschleife, gari moja la mashindano liliruka uzio na kumuua mtazamaji. Wenye uwanja waliweka ukomo wa kasi katika baadhi ya sehemu, na hivyo kutafuta rekodi kukawa hakuna maana mpaka mwaka 2016, marekebisho ya usalama yalipofanyika na ukomo ukaondolewa. Kampuni iliyokuwa na gari jipya mwaka huo haikuwa na namba ya kutangaza, na sababu ilikuwa wazi.

Magari ya umeme yameleta hofu mpya, kwa sababu nguvu zilizokuwa za magari machache ya mashindano sasa zinauzwa kwenye gari la milango minne. Mei 2025 kampuni ya Xiaomi ya China ilibadilisha programu ya gari lake la SU7 Ultra, lenye nguvu za farasi zaidi ya 1,500, ikazishusha hadi takriban 900 mpaka mwenye gari atimize muda fulani kwenye uwanja wa mashindano ulioteuliwa. Wateja walipinga, wakisema wamelipia nguvu zote, na kampuni ikarudi nyuma. Kwa siku chache, muda wa mzunguko uliacha kuwa tangazo ukawa mtihani wa kumruhusu mtu kutumia mali yake.

Mjini Kigali jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Kamera za kasi, ambazo watu wamezipa jina la Sofia, hazijali chapa ya gari. Magari ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 60 kwa saa. Kampeni ya polisi iliyozinduliwa mwaka 2019 inaitwa Gerayo Amahoro, yaani fika salama. Gari lenye uwezo wa kilomita 300 kwa saa likishuka kutoka Kacyiru kwenda Nyabugogo linafuata kibao kile kile kinachofuatwa na Toyota ya miaka 15.

Hewa ya milimani

Kuna sababu nyingine ya kutoipokea namba ya Nordschleife Kigali bila kuifikiria, nayo ni hewa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati hata sehemu ya juu kabisa ya Nordschleife haifiki mita 700. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua uzito. Kigali hewa ina takriban asilimia 85 ya uzito iliyo nao pwani. Injini ya petroli isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi, huchoma mafuta kidogo zaidi, na hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Turbo hufidia sehemu ya upungufu. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchomea chochote, kwa hiyo haipotezi.

Volkswagen iliionyesha dunia tofauti hiyo Juni 24, 2018. Gari lake la mashindano la umeme, I.D. R, likiendeshwa na Mfaransa Romain Dumas, lilipanda mlima Pikes Peak nchini Marekani kwa dakika 7 na sekunde 57.148. Njia hiyo ni ya kilomita 20 hivi, yenye kona 156, na kileleni ni mita 4,302. Rekodi ya awali, ya injini ya petroli, ilikuwa dakika 8 na sekunde 13.878. Kampuni iliutangaza muda huo kila mahali, na ilikuwa na haki: yalikuwa mashindano, na waandaaji ndio walioshika saa.

Siku tatu baadaye, Juni 27, 2018, kampuni hiyo hiyo ilizindua kiwanda chake Kigali, katika eneo maalumu la kiuchumi, kwa uwekezaji wa dola milioni 20. Gari la kwanza lilikuwa Polo. Polo hiyo haikutangazwa kwa muda wa mzunguko, wala hakuna aliyeuuliza. Ilitangazwa kwa kuwa imeunganishwa Rwanda.

Lakini Volkswagen ni kampuni iliyowafundisha watu pia upande wa pili wa namba. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilifichua kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, ikapunguza moshi wenye sumu wakati wa kipimo tu. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Safari hii namba ilikuwa imetangazwa, na ndiyo iliyokuwa ya uongo. Anayelaumu ukimya wa watengenezaji akumbuke kwamba namba iliyotoka nje si lazima iwe bora kuliko ile iliyobaki ndani.

Kipimo cha Afrika Mashariki

Ukanda huu uliwahi kuwa na kipimo chake. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za umma ambazo hazikufungwa: kulikuwa na malori, ng'ombe, tope na mito iliyofurika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakafika. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika tena saba. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari lililoshinda pia 1966 na 1967.

Watengenezaji hawakunyamaza kuhusu matokeo hayo. Peugeot, na baadaye Datsun, aliyoiendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, hadi ushindi mara nne mfululizo kati ya 1979 na 1982, ziliuza magari kwa sifa ya Safari. Mwalimu wa shule au mfanyabiashara wa kahawa hakuuliza 404 inazunguka uwanja kwa dakika ngapi. Alitaka kujua kama itamfikisha, na jibu alilipata kutoka kwa watu ambao hawakuajiriwa na Peugeot, na kutoka kwa barabara aliyoijua.

Hapo ndipo tofauti kati ya namba ya kuaminika na namba ya kupamba inapoonekana. Ya kwanza ina mambo matatu: aliyepima si aliyeuza, walioshindana wamepita njia moja katika hali moja, na njia yenyewe inafanana na ile atakayopita mnunuzi. Muda wa Nordschleife kwa miaka mingi ulikosa la kwanza na la pili, na kwa dereva wa Kigali unakosa la tatu hata leo.

Kama uwanja utajengwa

Mpango wa Rwanda unataja uwanja wa mashindano karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, ukisanifiwa na kampuni ya Alexander Wurz, dereva wa zamani wa Formula One kutoka Austria. Ukijengwa, hautatumika kwa wikiendi moja ya mwaka tu. Viwanja vya aina hiyo huishi kwa kukodishwa, na wakodishaji wakubwa ni watengenezaji wanaotaka kujaribu magari. Watakuja na magari ya umeme, watapenda hewa ya milimani, na baadhi watataka kuondoka na namba ya kutangaza.

Wenye uwanja watalazimika kuamua mapema yale ambayo Nürburgring ilichelewa hadi 2019 kuyaamua: mstari uanzie wapi, nani ashike saa, matairi gani yaruhusiwe, na kama kijana mwenye gari la baba yake ataruhusiwa kujipimia. Wakiamua vizuri, muda wa Bugesera utakuwa na uzito tangu siku ya kwanza. Wakiacha kila kampuni ijipimie, watakuwa wamejenga ubao wa matangazo wa gharama kubwa.

Kwa sasa, kipimo kinachowagusa watu wengi zaidi Kigali kimo kwenye betri. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria jijini humo lazima ziwe za umeme. Muuzaji humwambia motari kwamba betri moja inakwenda kilomita kadhaa. Namba hiyo inaweza kuwa ilipimwa mahali tambarare, kwa mwendo wa pole, bila abiria. Motari anabeba mtu mzima na mzigo wake kutoka Nyabugogo kupanda Kiyovu, mara kumi kwa siku, pengine kwenye mvua.

Ndiyo maana kwenye vituo vya kubadilishia betri motari huulizana wao kwa wao kabla ya kununua: umetoka na betri hii saa ngapi, umekwenda wapi, imebaki kiasi gani? Wote wanapanda milima ile ile, na hakuna kati yao anayeuza pikipiki.